Gesi ya Songo Songo na Pikapu ya Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita pikapu ya dizeli si gari la anasa. Ndiyo ichukuayo viroba vya mawe kutoka maduarani hadi kwenye karasha. Ndiyo ipelekayo maji, magogo ya kuegemezea kuta za mashimo na chakula cha wachimbaji. Na ajali ikitokea, ndiyo gari la wagonjwa. Kutoka Mwakitolyo mpaka Nyarugusu, kutoka Kakola mpaka Katoro, riziki ya watu wengi hupimwa kwa lita za dizeli kabla haijapimwa kwa gramu za dhahabu. Kwa hiyo si ajabu kwamba swali moja laulizwa sana siku hizi katika gereji na vijiweni: Je, gari la dizeli laweza kutumia gesi yetu ya asilia? Na kama laweza, mbona sisi wa huku hatuipati?

Hayo ni maswali mawili, nasi twapenda kuyajibu yote, maana wengi hulijibu la kwanza wakalisahau la pili.

Kwa swali la kwanza jibu ni kwamba laweza, lakini kwa sehemu tu. Injini ya petroli ina plagi, na cheche ya plagi ndiyo iwashayo petroli. Ukiinyima petroli ukaipa gesi, cheche ile ile huiwasha gesi. Ndiyo maana bajaji na teksi za Dar es Salaam huweza kuiacha petroli na kutembea kwa gesi peke yake. Injini ya dizeli haina cheche. Yenyewe huvuta hewa, huishindilia mpaka ikawa na moto mkali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka kwa joto lile. Gesi ya Songo Songo karibu yote ni methani, nayo methani haiwaki kwa urahisi kwa joto hilo. Hapana budi, basi, dizeli kidogo iendelee kunyunyizwa ili iwe kiberiti cha kuiwashia gesi iliyoingizwa pamoja na hewa.

Mwenye pikapu ya dizeli akiambiwa na fundi kwamba baada ya kufungiwa mtungi ataagana na dizeli moja kwa moja, ajue kwamba ama fundi hajui, ama anamdanganya. Kuagana na dizeli kabisa kwataka injini ifumuliwe, ipunguzwe mshindilio na kutiwa plagi. Na kwa gharama hiyo ni afadhali mtu atafute injini nyingine. Kinachowezekana kwa pikapu iliyokwisha kuchoka kwa barabara za vumbi ni kuchanganya. Gari likienda mwendo mmoja na mzigo wa kadiri, gesi yaweza kushika kama nusu ya kazi. Likisimama linanguruma, au likitambaa katika makorongo, gesi hushika sehemu ndogo sana, na nyingine hutoka katika eksozi bila kuungua, ambayo ni hasara ya mwenye gari na ni madhara kwa hewa, kwa kuwa methani huhifadhi joto la jua kuliko moshi wa kawaida mara nyingi.

Tena kuna kipimo cha kuchanganya. Gesi ikizidi, injini hugonga, eksozi huwa na joto lisilo lake, valvu huungua na vichwa vya pistoni hupasuka. Katika Land Cruiser za zamani zenye pampu ya dizeli isiyo ya umeme, ambazo ndizo tegemeo la machimbo, hakuna chombo chochote ndani ya gari kitakachomwonya dereva. Yeye ataona tu kwamba gari lina nguvu mpya mlimani, atafurahi, na baada ya miezi michache atakuwa ananunua injini. Kwa hiyo kifaa cha kuchanganyia hapana budi kiwe na kipima joto cha eksozi na kizuizi cha kuifunga gesi chenyewe joto linapopanda. Asiyetaka kulipia hicho asifunge gesi kabisa.

Je, faida ipo? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pikapu hutumia lita 10 za dizeli kwa siku, na gesi ikashika kazi ya lita 4. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya lita moja na kama theluthi ya dizeli, kwa hiyo lita 4 hizo zitataka kilo 3 na kidogo. Bei iliyozoeleka Dar es Salaam kwa miaka ya karibuni ni kama shilingi 1,550 kwa kilo. Ikiwa dizeli ni shilingi 2,800 kwa lita, mwenye gari atakuwa ameacha kutoa shilingi 11,200 na badala yake ametoa kama shilingi 5,000. Amebakiwa na shilingi 6,000 hivi kwa siku. Kama kufungiwa vifaa kulimgharimu shilingi milioni 3, atazirudisha kwa siku 500 za kazi, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi, kama gari halikulala gereji. Si hesabu mbaya. Lakini pia si ile ya kumtajirisha mtu kwa mwezi mmoja kama isemavyo midomo ya wauzaji.

Na hesabu hiyo ni ya Dar es Salaam. Mwenye pikapu wa Geita hana mahali pa kujaza. Kituo cha Ubungo, vituo vya watu binafsi vilivyofuata, na kile kituo mama cha Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, katika barabara ya Sam Nujoma, vyote viko pwani. Mipango iliyotangazwa ya vituo vinavyohamishika imeitaja Morogoro na Dodoma. Kutoka Dar es Salaam mpaka Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, na Geita iko mbele zaidi. Mtungi wa chuma wa lita 80, wenyewe ukiwa na uzito kama wa mtu mzima, hubeba gesi ya siku nne tu kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu.

Hapa ndipo hatari inapoingia, nasi twaomba wasomaji watusikilize vizuri. Mahali ambapo gesi asilia haipo, watu hutafuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi hiyo siyo hii. Gesi ya kupikia ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka nchi za nje kwa fedha za kigeni. Kuitia katika pikapu si kuitumia mali ya taifa, ni kubadili tu aina ya mafuta tunayonunua ugenini. Katika injini ya dizeli huwahi kuwaka kuliko methani, na kwa hiyo hugongesha injini upesi zaidi. Lakini ubaya wake mkubwa hauko katika injini. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi hupaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kutambaa kama maji yakitafuta bonde. Pikapu yenye mtungi unaovuja ikiegeshwa karibu na mdomo wa duara, gesi itamiminika ndani ya shimo ambamo watu wanachimba kwa taa na mashine. Hatuhitaji kueleza kitakachofuata. Kila kamati ya machimbo ingefanya vema kupiga marufuku gari lenye gesi ya kupikia kusogea karibu na maduara, na isingojee amri kutoka wilayani.

Kuna na jambo la pili ambalo hapana budi lisemwe wazi. Gesi asilia ya magari hutiwa mtungini kwa mshindilio wa mara 200 ya hewa ya kawaida. Tairi la pikapu huwa na mara mbili, tatu au nne hivi. Mtungi wa kupikia haukuundwa kuvumilia hata sehemu ndogo ya mara 200, na mtungi wa oksijeni wa mchomeleaji vyuma si mtungi wa gari, hata kama umepakwa rangi mpya. Mtungi wa kweli hupigwa muhuri wenye tarehe, hupimwa tena kila baada ya miaka michache, na una siku ya kustaafu kama mfanyakazi. Fundi asiyeweza kumwonyesha mteja muhuri huo asiruhusiwe kufungua gereji ya gesi, na mteja asione haya kuuomba.

Baada ya kusema hayo twarudi kwenye swali la pili, la mbona gesi haifiki. Wako wanaojibu kwa hasira kwamba Pwani imejipendelea. Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno. Gesi iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, kwa bomba la kilomita 232. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Ilichukua miaka 30, basi, kutoka kisiwani Songo Songo mpaka Ubungo, nao ni mwendo wa siku moja kwa gari. Gesi si kama pamba ambayo mtu hufunga marobota akapakia. Hata ikishindiliwa mara 200, ujazo wake wa lita moja una kama robo tu ya nguvu ya lita moja ya dizeli. Lori moja la mafuta linalokuja Kahama limebeba kazi ya malori mengi ya gesi iliyoshindiliwa. Ukiyaleta malori hayo kilomita 1,000, nayo yenyewe yakinywa dizeli njia nzima na kurudi matupu, faida iliyoonekana Dar es Salaam itakuwa imemwagwa barabarani kati ya Singida na Nzega.

Huo ni ukweli wa maumbile, wala hauondolewi kwa hotuba. Lakini si ukweli wote. Bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huonyesha kwamba kadiri mji unavyokuwa mbali na bandari ndivyo lita inavyopanda. Mfanyakazi wa Geita hulipa zaidi kwa dizeli kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, na mwenzake huyo ndiye aliyeletewa gesi ya bei nafuu mlangoni. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kupunguza makali. Ilikuwa hatua ya kufaa, na wa bara waliifaidi. Hata hivyo fedha za ruzuku huungua pamoja na dizeli yenyewe. Mwezi ukiisha hakikubaki kituo, wala mtungi, wala fundi aliyefunzwa. Na kuna jambo jingine la kutafakari. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangiwa njia inayopita katika mikoa hii hii ya Geita na Shinyanga. Mafuta hayo ni ghafi na ni ya kuuzwa nje. Pikapu ya Katoro haitapata hata tone. Hatusemi hivyo ili kulibeza bomba, kwani lina faida zake. Twasema kwamba likiwezekana bomba la kupitisha mali ya jirani, haifai tuambiwe kuwa umbali peke yake ndio unaotuzuia kuifikisha mali yetu wenyewe.

Njia ipo, ila haianzi na pikapu. Wengi hawapendi kusikia hivyo. Hakuna mfanyabiashara atakayejenga kituo Geita mjini kwa kutegemea pikapu 50 zinazojaza kilo 3 kila moja. Anayeweza kukilisha kituo ni mteja mkubwa asiyelala, na mteja huyo tunaye. Mgodi wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, Bulyanhulu upo, Mwadui, uliofunguliwa na Williamson mwaka 1940, bado watoa almasi. Malori ya migodi ya wazi hunywa dizeli mchana na usiku. Marekani na Kanada malori makubwa ya migodini yamekwisha kujaribiwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Migodi ikitia sahihi ya kununua gesi kwa miaka kadhaa, kituo kitajengwa. Na kituo kikijengwa kwa ajili ya mgodi, sharti liwekwe katika mkataba kwamba kiwe na pampu ya raia nje ya uzio. Bila sharti hilo tutajikuta na gesi Geita isiyokuwa ya watu wa Geita.

Vivyo hivyo kwa wachimbaji wadogo. Kompresa ya kupeleka hewa shimoni, pampu ya kuvuta maji na karasha ya kusaga mawe hukaa mahali pamoja na kufanya kazi ya mwendo mmoja kutwa. Injini hizo zastahili gesi kuliko pikapu. Ushirika wa wachimbaji wenye karasha kumi unaweza kuwa mteja wa maana kuliko wenye magari mia moja waliotawanyika. Mwaka 2019 Geita ilifunguliwa soko la dhahabu, na mchimbaji akaweza kuuza mahali palipo na mizani na bei iliyobandikwa ukutani. Mahali hapo pa kuuzia dhahabu papo. Pa kununulia nishati kwa pamoja hapajakuwapo, na kila mtu huenda na dumu lake kwenye kituo cha mafuta kama vile hana jirani.

Kuhusu kuisafirisha, twaona macho yaelekee reli badala ya barabara. Gesi ikipozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na ujazo wake hupungua kama mara 600. Hapo lita moja huwa na zaidi ya nusu ya nguvu ya dizeli, na safari ndefu huanza kulipa. Reli ya kati yafika Isaka, ambako kuna bandari kavu, na Isaka iko katikati ya Kahama, Shinyanga na njia ya Geita kana kwamba iliwekwa kwa ajili ya jambo hili. Mabehewa ya gesi baridi yakishushwa Isaka, mwendo uliobaki kwa lori ni wa saa chache. Kiwanda cha kupoza ni cha gharama kubwa, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya gesi yetu imekuwa ikiungua katika mitambo ya umeme, na sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limekamilika katika Rufiji. Yafaa wahusika waseme hadharani ni gesi kiasi gani itapunguziwa kazi ya umeme, na iliyopunguziwa itakwenda wapi. Isije ikawa yote imegawanywa tena pale pale Dar es Salaam kabla ya bara kuulizwa.

Wakati mipango hiyo ikingojewa, kuna kazi isiyohitaji bomba wala reli. Vyuo vya VETA vya Shinyanga na Geita vyaweza kuanza sasa kuwafundisha makenika kazi ya gesi, kwa kushirikiana na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo imekwisha kubadili magari mengi na kufunza mafundi. Twapendekeza wafundishwe dizeli kwanza na si petroli, kwa sababu dizeli ndiyo ya huku, na ndiyo ngumu. Fundi akikuta kituo kimejengwa naye hajui, nafasi itachukuliwa na mtu wa kutoka mbali. Na kituo kikichelewa, ujuzi wa kupima joto la eksozi, kutengeneza nozeli na kurekebisha pampu utampunguzia mwenye pikapu dizeli nyingi hata bila gesi. Kusema kweli, pikapu nyingi tunazoziona zikitoa moshi mweusi kwenye kilima cha kuingilia Geita zapoteza mafuta mengi kwa nozeli mbovu tu, na ukarabati wake haufikii hata sehemu ndogo ya gharama ya mtungi.

Kwa ndugu zetu wenye pikapu, basi, shauri letu kwa sasa ni wasinunue vifaa vya gesi. Aliyekwisha kuvinunua asivifunge na mtungi wa kupikia. Avihifadhi, au avirudishe kwa aliyemwuzia. Na kwa wafanyakazi wa migodi, wanachama walio katika mabaraza ya kata na wilaya, na viongozi wa vyama vya wachimbaji, twaomba swali hili lipelekwe mbele likiwa limeandikwa kwa tarakimu: karasha ngapi, kompresa ngapi, pikapu ngapi, lita ngapi za dizeli kwa mwezi katika kila machimbo, kuanzia Mwakitolyo mpaka Mgusu. Hesabu hiyo yaweza kukusanywa na makarani wa machimbo katika muda wa mwezi mmoja, na ipelekwe TPDC, Wizara ya Nishati na kwa wenye migodi mikubwa kwa siku moja.